Kibaba cha Mpagazi: Chakula, Mwendo na Maji katika Njia ya Bagamoyo

  Wenzenu wamelisikia somo hili redioni. Wewe umelipata kwa maandishi. Basi lisome polepole, na neno likikushinda, mwulize jirani yako au mwalimu.

Kabla hatujaanza, naomba mmoja wenu alete kibaba, akijaze nafaka yo yote iliyoko nyumbani: mtama, mahindi au mpunga. Kibaba kimoja cha nafaka ni kama ratili moja na nusu, yaani gramu 700 hivi. Kama hamna kibaba, pimeni kwa mizani ya dukani. Kiwekeni mbele yenu mkione, maana habari za leo zimo ndani yake.

Mji wa Bagamoyo uko kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi, ukielekeana na kisiwa cha Unguja ng'ambo ya bahari. Ukifika huko leo utaona nyumba za mawe za zamani, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, boma la Wadachi, na wavuvi wakipakua samaki ufukoni. Miaka 150 iliyopita ungeona jambo jingine. Ungeona watu maelfu waliotoka bara kwa miguu, mabega yao yamekuwa magumu kwa kubeba mizigo, wakipiga kambi, wakipika, wakinunua nguo, na wakingoja safari ya kurudi. Hao ndio wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao Wasukuma na Waswahili wa mrima.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa desturi kama frasila mbili, yaani ratili 70. Kwa hesabu ya siku hizi ni kilo 32. Kutoka bara alichukua pembe za ndovu. Kutoka pwani alichukua nguo, shanga na waya. Toka Bagamoyo hata Tabora ni kama kilometa 800, na hata Ujiji ni kama 1,200. Kufika Tabora kulichukua miezi miwili au mitatu. Fikiri mwenyewe, ndugu yangu: kuchukua zaidi ya nusu ya gunia la saruji begani, leo, kesho na kesho kutwa, mpaka miezi miwili ipite.

Katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa, nao hawakuwa na mshahara wala hiari. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, ingawa kwa siri iliendelea miaka mingine. Nawataja hapa ili mtu asichanganye mambo mawili. Mpagazi ninayemzungumzia leo alikuwa mtu wa kazi ya mshahara. Alikubaliana na tajiri, na katika makubaliano yao neno la kwanza baada ya mshahara lilikuwa chakula.

Chakula hicho kiliitwa posho, na desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa kila mtu kwa kila siku. Ndicho hicho kilicho mbele yenu. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka yenyewe. Alipewa nguo au shanga, akanunue chakula katika vijiji vya njiani. Nguo iliyopendwa sana ni ile iliyoitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Basi mtu aliweza kula ugali wa mtama wa Ugogo kwa nguo iliyofumwa ng'ambo ya bahari mbili.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana historia bila hesabu ni hadithi tu. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Gramu 700 za mtama au mahindi zatoa kama kalori 2,300. Mtu mzima anayekaa dukani aweza kuishi kwa hizo. Lakini mtu anayetembea saa tano au sita na kilo 32 begani huhitaji zaidi ya 3,000. Waona basi kwamba kibaba kimoja hakikumtosha mpagazi. Je, pengo lilizibwaje?

Lilizibwa kwa akili za watu wenyewe. Wapagazi walikula kwa makundi, watu kadha wakishirikiana chungu kimoja. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alisaga. Walinunua maharagwe na njugu walipopata, walichuma majani ya porini, walipata asali, na mnyama akiuawa nyama ililiwa siku hiyo, nyingine ikakaushwa. Wanawake walikuwamo pia katika misafara, wakipika na hata kubeba mizigo, jambo ambalo vitabu vingi vya safari hulipitia kwa mstari mmoja tu. Nafaka ilitoa nguvu ya kutembea. Kunde, njugu na nyama zilijenga mwili. Majani yalilinda macho na damu. Hakuna aliyewafundisha maneno hayo darasani. Walijua tu kwamba mtu aliyekula ugali mtupu siku nyingi huchoka.

Tena walijua mapatano. Tajiri akipunguza posho, mizigo ilibaki chini. Wapagazi waligoma, na wengine walitoroka usiku, na msafara mzima ukakwama porini kwa sababu ya vibaba. Wazungu wengi waliosafiri zamani zile waliandika kwa hasira juu ya uvivu wa wapagazi. Mimi nikisoma maneno yao naona mara nyingi kwamba waliuita uvivu kile kilichokuwa njaa.

Neno lenyewe, posho, halikufa. Kwetu leo ni fedha anayopewa mtu akienda safari ya kazi. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Kenya husema kinu cha posho, yaani mashine ya kusaga. Neno moja limetoka begani kwa mpagazi, limeingia ofisini, jikoni na mashineni.

Tutazame sasa mwendo. Msafara uliondoka alfajiri, baridi ingaliko, ukatua kabla ya jua kuwa kali au muda mfupi baadaye. Kilometa 15 au 20 kwa siku zilikuwa mwendo mzuri. Mchana watu walipumzika kivulini, wakapika, wakashona viatu na kutengeneza mizigo. Walipofika mahali penye chakula tele walikaa siku kadha ili miili irudi. Ilikuwako safari moja tu waliyoichukia, nayo iliitwa tirikeza: kuondoka alasiri, kulala mahali pasipo na maji, na kuamka usiku ili kuyafikia maji ya mbele kabla ya kiu kuua watu. Mahali palipojulikana sana kwa shida hiyo ni Marenga Mkali, nyika iliyo kabla ya kuingia Ugogo.

Siku hizi daktari humwambia mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari atembee kwa haraka angalau nusu saa kila siku. Asubuhi au jioni ndiyo saa njema katika nchi yetu ya joto. Mpagazi angecheka kusikia kwamba kutembea kumekuwa dawa. Lakini reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi yake ilikwisha, na baada ya reli likaja gari, na baada ya gari pikipiki. Miguu yetu imepata raha ambayo mwili haukuizoea.

Rudieni sasa kibaba chenu. Chukua punje moja uitazame. Nje ina ganda jembamba. Ndani, upande mmoja, kuna kiini kidogo, ndicho kitakachoota ukiipanda. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyeupe, nayo ni wanga. Nguvu nyingi imo katika wanga. Lakini vitamini nyingi, madini ya chuma na mafuta kidogo vimo katika kiini na ganda. Ukikoboa sana unabakiwa na kitu cheupe kizuri cha kutazama, na kuku wako wanapata kilicho bora kuliko chako.

Habari hii ya kuku si mzaha. Katika kisiwa cha Java, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kulikuwa na ugonjwa uitwao beriberi. Miguu ya watu ililegea, wengine walivimba, na moyo ukashindwa kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alitumwa kutafuta kijidudu cha ugonjwa huo. Alifuga kuku kwa ajili ya majaribio. Kuku nao wakaugua: miguu ikalegea kama ya wagonjwa. Halafu ghafula wakapona wote bila dawa. Daktari akashangaa, akauliza, na jibu likapatikana jikoni. Kwa muda kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokuja alikataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari, akawapa mchele usiokobolewa. Ndiyo maana walipona. Ilichukua miaka mingine mingi mpaka wataalamu wakaelewa kwamba kitu kilichoondolewa pamoja na pumba ndicho kilichokuwa kinga. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel. Mpishi hakupewa kitu.

Sasa mkumbuke bibi zetu wa mrima, mabondeni mwa Ruvu na Wami ambako mpunga hulimwa. Walitwanga kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa ungo. Mchele wao haukuwa mweupe kama wa mashine. Ulibaki na wekundu kidogo, nao ulikuwa na vitamini zaidi. Mashine zilipoenea watu walifurahi, na walikuwa na haki, maana kutwanga ni kazi ya kuvunja mgongo. Siwaambii akina mama warudi kinuni. Nasema tu kwamba mashine ile ile yaweza kusaga dona, yaani mahindi mazima pamoja na kiini chake, na pengine kwa gharama ndogo zaidi kwa kuwa hulipi kukoboa. Lakini dona lina mafuta ya kiini, kwa hiyo huharibika upesi kuliko sembe. Saga kidogo kidogo, na mahindi yawe makavu yasiyo na ukungu, kwa kuwa ukungu una sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Na pwani tuna bahati nyingine: nazi. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya mlonge yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ya kuyalinda macho. Lakini kitu hicho huingia mwilini vizuri kikikutana na mafuta. Basi mpishi wa pwani anayetia tui katika mboga afanya jambo ambalo wataalamu walikuja kulithibitisha baadaye. Tui kidogo latosha. Kisamvu kitwangwe na kipikwe sana, maana kibichi kina sumu.

Chumvi nayo ina somo lake. Kaskazini ya mji wa Bagamoyo, mahali paitwapo Nunge, maji ya bahari hukaushwa kwa jua yakawa chumvi. Mtu aweza kudhani kwamba chumvi hiyo, kwa kuwa ni ya asili, ina kila kitu cha baharini. Sivyo. Madini ya joto, yanayozuia uvimbe wa shingo uitwao rovu, karibu yote hayabaki katika chumvi ya jua. Mvuvi huyapata katika samaki. Mkulima wa milimani asiyekula samaki wa baharini hayapati, na mama mjamzito akiyakosa, akili ya mtoto hudhurika. Ndiyo sababu siku hizi chumvi ya kula hutiwa madini joto. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa kamili.

Nimesifu sana chakula na mwendo wa mpagazi. Lazima sasa nikueleze jinsi alivyokufa.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na miji ya pwani, kikaendelea mwaka 1870. Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa akitibu watu Zanzibar, James Christie, alifuatilia mahali ugonjwa ulikopita, na mwaka 1876 akachapisha kitabu. Aliona kwamba ugonjwa haukusafiri kwa upepo. Ulifuata njia za misafara, kutoka kambi hata kambi. Watu wenye nguvu kuliko wote pwani, watu waliobeba frasila mbili hata Ujiji, waliangushwa kwa siku moja.

Kwa nini? Kwa sababu ya maji. Kambi ilikuwa ile ile kwa kila msafara, na kisima kile kile, na kichaka cha kwendea haja kando yake. Watu mia tano wakiondoka leo, mia tano wengine walifika kesho. Mvua ilisukuma uchafu kisimani. Ndui nayo ilisafiri katika misafara hiyo hiyo, na mgonjwa asiyeweza kutembea mara nyingi aliachwa njiani. Nguvu za mwili hazikumkinga mtu na kijidudu alichokinywa.

Tofauti kati ya zamani zile na leo ni kwamba leo twajua la kufanya. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Choo kiwe mbali na kisima, tena chini yake mahali penye mteremko. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu akiharisha, kinachomuua ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini. Mpe dawa ya maji na chumvi ya pakiti ipatikanayo zahanati na dukani. Usipoipata, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, mnyweshe kidogo kidogo, na huku safari ya zahanati ianze. Andikeni hesabu hiyo katika daftari zenu sasa hivi. Usizidishe chumvi.

Najua mtu atauliza: na dawa za miti shamba je? Karibu kila ua wa pwani una mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, ukapewa jina hilo kwa kuwa watu husema unatibu maradhi arobaini. Nami nilipokuwa mtoto nilinyweshwa maji yake kwa nguvu, na uchungu wake naukumbuka hata leo. Siwadharau waliotunywesha. Dawa kubwa za malaria zimetoka mitini. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa milima ya Amerika ya Kusini, na Wadachi waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, ambako walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Dawa ya mseto tunayopewa leo ina kitu kilichotolewa katika mmea wa Kichina, na mama aliyekivumbua, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini tazama tofauti. Mimea hiyo ilipimwa. Ilijulikana ni kiasi gani humponya mtu na kiasi gani humdhuru. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru watoto wachanga, ingawa ni ya asili. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa malaria ya mtoto haingoji siku tatu za kujaribu majani. Na Bagamoyo hiyo hiyo ya wapagazi imekuwa mahali pa kupima. Kuanzia mwaka 2009, watoto wa Bagamoyo na wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto wa nchi saba za Afrika walioshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Wazazi wale waliokubali hawakuandikwa majina katika magazeti.

Si mara ya kwanza redio kuzungumza habari hizi. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa kwa vikundi kama ninyi, redio katikati na kitabu mkononi, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Mulizeni mzee ye yote kijijini kwenu kama alikuwamo. Pengine choo alichochimba mwaka ule hakipo tena, lakini atawaonyesha kilipokuwa.

Sasa kazi ya darasa. Kwanza, kila mmoja asome kwa sauti ile sehemu ya maji, sukari na chumvi, bila kusaidiwa. Pili, andika chakula chote ulichokula jana toka asubuhi hata usiku, kisha weka alama mbele ya kila kilichokuwa jani, kunde, samaki au tunda. Tatu, kikundi chote kiende kisimani, mpime kwa hatua umbali wa choo kilicho karibu, mwandike hesabu hiyo, na mwalimu ailete juma lijalo. Ikiwa ni pungufu ya hatua arobaini, basi tutaanza somo letu lijalo hapo hapo kisimani. Kwaherini.